Makako na sokomutu wa vituo vya mashariki: nani anaingia, nani anatoka, na kwa nini

Mwezi wa 6, mwaka 2007, watafiti waliokuwa wanapita Opala, jimbo la Tshopo, walikuta makako mdogo jike amefungwa kamba katika nyumba ya direkta wa shule. Uso wake ulikuwa mrefu, hauna manyoya, na macho makubwa kama ya mtu. Wakaaji wa Opala hawakushangaa. Kwao ilikuwa lesula tu, mnyama wa pori wanayemjua tangu enzi za mababu, na wengine walikuwa wamekula nyama yake. Lakini watafiti hao, wakiongozwa na John na Terese Hart, hawakumpata katika kitabu chochote. Walifanya kazi ya miaka 5, na mwezi wa 9 mwaka 2012 lesula akaandikwa rasmi kama aina mpya ya makako. Jina lake la kisayansi, Cercopithecus lomamiensis, limetoka kwa mto Lomami.

Hadithi hii iko karibu na sisi. Pori la lesula linafika mpaka Maniema, na parke ya Lomami, iliyotangazwa na serikali mwaka 2016, iko kati ya Tshopo na Maniema. Hapa Kindu pia si ajabu kuona makako mdogo amefungwa kamba kwenye parsele, watoto wanamrushia ndizi, na mwenye nyumba anasema alimnunua kwa mtu wa kinga aliyetoka porini na nyama.

Je, mnyama kama huyo anaishia wapi? Wengi wanakufa mbele ya kumaliza mwaka. Wachache wanachukuliwa na serikali na kupelekwa katika kituo cha kulea wanyama wasio na mama: Lwiro huko Kivu ya Kusini, Lubumbashi, au Kinshasa. Ukiangalia orodha ya wanyama wa vituo hivyo mwaka kwa mwaka, utaona inabadilika. Aina mpya zinaingia, zingine zinapungua, hesabu inapanda kwa ghafula kisha inatulia. Mabadiliko hayo hayatoki kwa mapenzi ya wenye kituo. Yanatoka porini, kwenye njia za biashara, na kwenye vita. Mtu anayejua kuisoma orodha hiyo anaweza kujua ni pori gani linamalizwa.

Zamani: orodha ya kutamani

Zoo za zamani zilijengwa kwa mawazo mengine kabisa. Zoo ya Antwerp, Ubelgiji, ilifunguliwa mwaka 1843. Wakati wa ukoloni wanyama wengi walitoka Congo kwa meli. Zoo ilitaka kuonyesha aina nyingi kadiri inavyowezekana: makako mmoja wa hii, wawili wa ile, kama mtu anayekusanya tembri za posta. Mnyama akikufa, wanaagiza mwingine. Hakuna aliyeuliza mama yake alienda wapi.

Huku kwetu pia wakoloni walianzisha zoo. Ile ya Léopoldville, leo Kinshasa, ilianza mwaka 1933. Kisangani na Lubumbashi nazo zikapata zoo zao. Hesabu ya wanyama ilitegemea wawindaji: wakileta, kizimba kinajaa; wasipoleta, kinabaki wazi.

Hata elimu yenyewe ilikuwa bado kidogo. Bonobo, ambaye anaishi Congo peke yake, dunia nzima, hakutambuliwa kama mnyama tofauti na sokomutu mpaka mwaka 1929, na hiyo ilitokea kwa kupima fuvu la kichwa ndani ya musée ya Tervuren, Ubelgiji. Mbele ya hapo, zoo iliyokuwa na bonobo iliandika tu kwamba ina sokomutu.

Mlango ulianza kufungwa mwaka 1975, wakati mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama walio hatarini, unaoitwa CITES, ulipoanza kutumika. Zaïre iliingia mwaka uliofuata, 1976. Tangu hapo zoo ya Ulaya haiwezi tena kuagiza sokomutu wa porini kama mtu anavyoagiza bidhaa. Ikabidi zoo zijifunze kuzalisha wanyama wao wenyewe, kupeana madume na majike, na kuweka daftari moja la pamoja ili ndugu wasizae na ndugu.

Hapo orodha zao zikabadilika sana. Nafasi ni ndogo na chakula ni gharama, kwa hiyo zoo nyingi ziliacha aina fulani za makako na kubakiza zile zenye wanyama wa kutosha kwa kuzaa bila kuharibu damu. Aina ambayo imebaki na wazee wawili au watatu inaachwa ikaisha polepole. Gorilla wetu wa mashariki, yule wa Kahuzi-Biega na Maiko, ni mfano. Hakuzaa vizuri katika zoo. Karibu gorilla wote wanaoonekana katika zoo za Ulaya na Marekani ni wa magharibi, wa upande wa Kameruni, Gabon na Congo-Brazzaville. Yule wa kwetu ametoweka huko karibu kabisa. Maana yake ni kwamba akiisha porini kwetu, hakuna akiba mahali pengine.

Kutoka zoo mpaka kimbilio

Congo ilichukua njia nyingine. Nyuma ya uporaji wa mwaka 1991 na 1993, mishahara ilikuwa hailipwi, na wanyama wa zoo ya Kinshasa walikuwa na njaa sawa na watu. Hapo ndipo mama mmoja Mbelgiji aliyekulia Congo, Claudine André, alianza kutumika kwa kujitolea katika zoo hiyo. Akapewa bonobo mdogo, Mikeno, aliyekuwa karibu kufa. Alimlea, akapona. Watu waliposikia, wakaanza kumletea wengine. Kutoka hapo kikazaliwa kituo cha Lola ya Bonobo, ambacho tangu mwaka 2002 kiko Lukaya, pembeni ya Kinshasa. Kule kila mtoto wa bonobo anayefika anapewa mama wa kibinadamu wa kumbeba, kwa sababu mtoto asiye na mgongo wa kushika anaweza kufa hata kama anakula.

Tofauti kati ya zoo na kimbilio ni hii: zoo inachagua mnyama inayemtaka, kimbilio linapokea mnyama aliyeletwa. Mkubwa wa kimbilio hawezi kusema mwaka huu tunataka makako wa aina tatu. Anaamka asubuhi anakuta gari ya serikali au ya kituo kingine iko mlangoni na sanduku. Kama haiwezekani kukataa, orodha inaongezeka.

Lwiro, kipimo cha pori letu

Kwa watu wa mashariki, mfano mzuri zaidi ni Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na parke ya Kahuzi-Biega. Wabelgiji walianzisha huko taasisi kubwa ya utafiti, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Leo ni kituo cha serikali cha utafiti wa sayansi za asili, CRSN. Majengo yake ya zamani yanajulikana na kila mtu aliyepita Katana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vita vilikuwa bado havijaisha, walinzi wa parke walikuwa wanakamata watoto wa sokomutu na makako mikononi mwa wafanyabiashara na askari, lakini hawakuwa na pa kuwapeleka. Mwaka 2002, ICCN na CRSN wakakubaliana kuwaweka Lwiro. Wanyama walikuwa wachache, vizimba vidogo, chakula cha kuokoteza. Baadaye wafadhili wa nje walisaidia kujenga mahali pakubwa penye miti, pamezungushiwa nyaya za umeme, ili sokomutu waishi kwa kundi.

Leo Lwiro ina sokomutu zaidi ya 100, na makako zaidi ya 100 wa aina mbalimbali. Kati ya makako hao yuko yule mwenye uso kama wa bundi, mwenye mstari mweupe kwenye pua, anayeishi misitu ya mashariki ya Lualaba. Yuko pia makako wa milimani mwenye ndevu nyeupe, na wengine wanaojulikana na kila mwindaji wa Maniema na Kivu.

Kwa nini hesabu imepanda hivyo? Si kwa sababu sokomutu wanazaa Lwiro. Kituo kinazuia kuzaa, tutaliona hilo mbele kidogo. Imepanda kwa sababu ya kazi inayofanyika porini. Migodi ya koltani na dhahabu inaleta watu wengi ndani ya msitu, na watu hao wanakula nyama. Bunduki za vita zimebaki mikononi mwa watu. Mwindaji anapiga sokomutu jike juu ya nyama. Mtoto aliye mgongoni hana nyama ya kutosha, kwa hiyo anauzwa akiwa hai. Na mara nyingi si mama peke yake aliyekufa, kwa sababu sokomutu wengine wa kundi wanakuja kumtetea mtoto, nao wanapigwa. Jike wa sokomutu anazaa mara moja kwa miaka 5 hivi. Mtoto mmoja anayefika Lwiro ni alama ya kundi lililovunjika, na kundi hilo litachukua miaka mingi kujijenga tena, kama litajijenga.

Kuna wakati majina yenyewe yanaeleza. Katika kituo cha GRACE, huko Kasugho, Kivu ya Kaskazini, kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa kulea gorilla wa mashariki peke yao, wanyama kadhaa wanaitwa kwa jina la mahali: Pinga, Itebero, Lulingu. Lulingu iko Shabunda, jirani zetu kabisa. Ukisoma majina hayo unaona ramani ya mahali ambapo mama zao waliuawa.

Kindu: mto unaamua

Kwa wakaaji wa Kindu kuna jambo moja la pekee. Muji wetu uko pande mbili za Lualaba. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya kushoto, Alunguli iko ng'ambo ya kuume. Mtu anavuka kwa mtumbwi asubuhi kwenda sokoni na kurudi jioni. Lakini kwa wanyama wa jamii hii, mto huo ni mpaka mkubwa kupita mpaka wa inchi. Sokomutu na bonobo hawajui kuogelea. Kwa muda mrefu sana, bonobo alibaki upande wa kushoto, upande wa Lomami, na sokomutu akabaki upande wa kuume, upande wa Punia, Lubutu na Pangi.

Kwa hiyo mtoto anayekamatwa nyuma ya Alunguli ni sokomutu, na kwa kawaida anapelekwa Lwiro. Anayekamatwa njia ya Lomami ni bonobo, na anatakiwa kwenda Kinshasa, Lola ya Bonobo. Mtu asiyejua atasema wote ni sokomutu. Munganga wa wanyama anaangalia: bonobo ana uso mweusi tangu kuzaliwa, midomo mekundu, nywele zimegawanyika katikati ya kichwa. Sokomutu mdogo ana uso mweupe-mweupe unaogeuka mweusi akikua.

Ni hivyo pia kwa makako. Lesula na yule mwenye uso wa bundi ni ndugu, wanafanana umbo, lakini lesula anaishi kati ya Lomami na Tshuapa, na yule mwingine yuko mashariki ya Lualaba. Ndiyo maana kituo kizuri kinauliza kwanza: huyu mnyama alikamatwa wapi? Kijiji gani, ng'ambo gani? Muuzaji akidanganya, orodha inaandikwa vibaya, na mnyama anaweza kuwekwa na jamaa wasio wake. Wakizaa pamoja, mtoto atakuwa mchanganyiko ambaye hawezi kurudishwa katika pori lolote.

Nani anaingia, na kwa njia gani

Mnyama akifika, hatiwi moja kwa moja katika kundi. Anawekwa peke yake, au na mtoto mwenzake, kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi mitatu. Hiyo ndiyo karantini. Anapimwa kifua kikuu, minyoo, na magonjwa mengine. Wenye kumhudumia wanavaa barakoa na glavu.

Barakoa hiyo inalinda pande mbili. Magonjwa ya mtu yanamwingia sokomutu kwa urahisi kabisa; mafua ambayo sisi tunamaliza kwa siku tatu yanaweza kumuua. Na magonjwa ya mnyama yanaweza kumwingia mtu. Maniema inajua mpox vizuri. Ugonjwa huo uliitwa ndui ya nyani kwa sababu ulionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa makako wa maabara huko Denmark, hata kama watafiti wengi leo wanafikiri wanyama wadogo kama panya na kuchakulo ndio wanaoubeba. Mwaka 2016 mpox iliingia katika kimbilio moja la sokomutu huko Kameruni. Fikiria sasa mtoto wa makako mgonjwa analala na watoto ndani ya nyumba moja Mikelenge.

Nyuma ya karantini inakuja kazi ngumu ya kumwingiza katika kundi. Sokomutu wakubwa wanaweza kumpiga mgeni mpaka kufa. Anaonyeshwa kwanza nyuma ya waya, wazoeane harufu na sauti. Kisha anaunganishwa na jike mmoja mpole, halafu wawili, halafu kundi. Hii inaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo wanyama 10 wakifika mwezi mmoja, kituo kinaweza kuwa na nafasi ya miti lakini kisiwe na nafasi ya kundi.

Kuna wanaofika kutoka mbali zaidi. Mwaka 2020, wakuu wa Zimbabwe walikamata makako zaidi ya 20 waliotoka Congo kwa magendo. Mwaka 2021 walirudishwa Congo na kupokelewa na JACK, kituo kilichoanzishwa Lubumbashi mwaka 2006 ndani ya zoo ya muji. Kwa siku moja, orodha ya JACK ilibadilika kwa sababu ya makosa yaliyofanyika katika inchi tatu.

Nani anatoka

Njia za kutoka ni chache. Ya kwanza ni kifo. Sokomutu anayetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 50. Lakini wengi wanafika na risasi mwilini, na majeraha ya kamba kiunoni, na njaa ya wiki nyingi. Wengine wanakufa katika siku za kwanza, na jina lao linakaa kwenye daftari muda mfupi tu.

Ya pili ni kuhamishwa: mnyama anapelekwa kituo kingine chenye kundi la aina yake.

Njia ya tatu ndiyo kila kituo kinatamani: kurudi porini. Ni kazi ya gharama na inachukua miaka. Inatakiwa pori lenye chakula, lisilo na wawindaji, na wakaaji wa vijiji waliokubali. Lola ya Bonobo ilirudisha bonobo wake wa kwanza porini mwaka 2009, karibu na Basankusu, jimbo la Équateur. Hapa mashariki, mwaka 2024, GRACE ilitoa gorilla majike wanne, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, wakapelekwa mlima Tshiabirimu ndani ya parke ya Virunga, ambapo gorilla wa porini walikuwa wamebaki wachache sana hata kundi likawa karibu kuisha. Orodha ya kituo ilipungua wanne, na ya pori ikaongezeka wanne. Ni hesabu ndogo, lakini ndiyo hesabu inayotafutwa.

Na kuzaa? Watu wengi wanauliza: kama wanyama hawa wanaisha, kwa nini kituo kinazuia wasizae? Jibu ni hili. Kila mtoto anayezaliwa ndani ya waya anachukua nafasi ya mtoto aliye sokoni leo, amefungwa kamba. Tena anayezaliwa hapo hajui pori, na kumrudisha ni vigumu. Kwa hiyo majike wanawekewa dawa ya kuzuia uzazi chini ya ngozi, sawa na ile wamama wanawekewa katika kituo cha afya. Mara moja moja dawa inashindwa, na mtoto anazaliwa. Analelewa, lakini hakupangwa.

Kuna njia nyingine ya kutoka ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwezi wa 9 mwaka 2022, watu waliingia usiku katika kituo cha JACK, Lubumbashi, wakaiba watoto watatu wa sokomutu, kisha wakaomba pesa ili wawarudishe. Tangu siku hiyo vituo vyote vya Afrika vilijua kwamba ukuta wa kimbilio unatakiwa kulinda pia dhidi ya mtu wa nje.

Vita na sahani ya chakula

Mwezi wa 2 mwaka 2025, Bukavu iliangukia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege wa Kavumu, ulio njia ya kwenda Lwiro, ulichukuliwa. Benki zilifungwa, barabara zikawa za hofu. Kwa kituo chenye wanyama zaidi ya 200, swali la kwanza ni la kila mama wa nyumbani: kesho tutakula nini? Sokomutu hawezi kusubiri benki ifunguliwe. Ndizi, viazi, mahindi na matunda yananunuliwa kwa wakulima wa karibu, na pesa hiyo ndiyo inayolisha familia nyingi za vijiji vinavyozunguka Lwiro. Kituo kikikosa pesa, mkulima naye anakosa, na mwenye njaa anarudi porini na mtego.

Vita vinaongeza wanyama na kupunguza uwezo wa kuwalisha kwa wakati uleule. Na mzigo huo ni wa muda mrefu. Sokomutu wa miaka 2 aliyepokelewa leo atakuwa bado anahitaji chakula, munganga na mlinzi mwaka 2070. Wenye kumpokea leo wengi watakuwa wamekufa.

Hesabu za pori zinaonyesha kwa nini kazi hiyo haiwezi kuachwa. Gorilla wa mashariki walikadiriwa kuwa karibu 17,000 mbele ya vita vya miaka ya 1990. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulisema wamebaki karibu 3,800. Mwaka 2021 hesabu mpya ilifika karibu 6,800, kwa sababu watafiti walihesabu sehemu ambazo hawakuzifikia mbele. Hata hivyo, kupoteza zaidi ya nusu kwa kizazi kimoja si jambo dogo.

Inatuhusu nini?

Kindu haina kimbilio la makako wala la sokomutu. Lakini muji huu una soko, na una njia zinazotoka porini. Kila siku kinga zinaingia na nyama ya pori, na makako ni sehemu kubwa ya nyama hiyo. Hakuna anayesema mtu wa Maniema aache kula. Nyama ya pori ni chakula cha wengi, na kuku au ngombe ni bei. Lakini sheria ya mwaka 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza kuua, kukamata na kuuza wanyama wanaolindwa, na bonobo, sokomutu na gorilla wako juu kabisa ya orodha hiyo.

Wenye kulea wanyama hawa wanarudilia mashauri yaleyale kila mahali. La kwanza: usinunue mtoto wa makako au wa sokomutu, hata kwa huruma. Anayenunua ili amwokoe anamlipa mwindaji, na mwindaji atarudi kutafuta mwingine. La pili: ukimwona, julisha ofisi ya ICCN au mkubwa wa kijiji, sema mahali ulipomwona na ng'ambo ya mto aliyotoka. La tatu: kama tayari yuko nyumbani, usimlaze na watoto, usile naye sahani moja, na usimwache porini peke yake ukidhani unamfungulia. Mtoto asiye na kundi hatamaliza wiki.

La nne ni kukumbuka kwamba makako wa kwetu si wa kudharau. Mbele ya mwaka 2007, hakuna profesa yeyote duniani aliyejua lesula, lakini wakaaji wa Lomami walimjua na walikuwa na jina lake, na jina hilo ndilo dunia inalitumia leo. Mwaka 2014, karibu na parke hiyohiyo, mwindaji alileta makako mwingine wa nadra ambaye watafiti hawakudhani anaishi huko. Wenyeji walimwita inoko. Elimu hiyo iko mikononi mwa watu wetu.

Siku zoo ya zamani ilipoongeza aina mpya, ilifanya sherehe. Kimbilio likiongeza jina, kuna mama aliyekufa porini. Wenye kutumika Lwiro wanaomba daftari lao lisipate jina jipya mwaka huu, na sehemu ya jibu iko huku, kwenye soko na kwenye bandari za mitumbwi za Kindu.